Uzoefu Hauuzwi Kariakoo



Juzi dogo mmoja wa kata yetu kanirushia tangazo la kazi WhatsApp. Benki kubwa, jengo la vioo, pale Posta. Wanatafuta mhandisi wa programu. Masharti: shahada ya kompyuta, uzoefu usiopungua miaka saba, kati ya hiyo mitano awe amefanya kazi kwenye mfumo mkuu wa benki, na umri usizidi miaka 32. Chini ya tangazo dogo kaandika maneno matatu tu: "Kaka, nianzie wapi?"

Nimekaa na swali hilo siku mbili. Hebu tupige hesabu pamoja. Kijana wa Kitanzania anamaliza chuo na miaka 24 au 25. Mfumo mkuu wa benki, yaani ule unaobeba akaunti, mikopo na miamala yote, haupo mtaani. Haupo chuoni. Haupo kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Upo ndani ya benki peke yake. Sasa mtu wa nje ataupatia wapi uzoefu wa miaka mitano? Hawezi. Kwa hiyo tangazo lile halimtafuti mfanyakazi. Linamtafuta mfanyakazi wa benki ya jirani.

Halafu wakubwa haohao wakipanda jukwaani kwenye semina za hoteli wanalia: "Tanzania hatuna wataalamu wa teknolojia wenye uzoefu." Leo nataka tuongee juu ya kilio hicho. Kwa maoni yangu ni uongo nusu, na nusu iliyobaki ni kosa lao wenyewe wakishirikiana na Serikali ya CCM.

Wanavyochukuliana watu

Mimi nimefanya kazi kwenye chumba cha seva cha benki moja, sitaitaja, kwa miaka mitatu. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kupitia wakala wa ajira. Kitambulisho changu kilikuwa na rangi tofauti na cha wenzangu. Kazi ileile, zamu ileile ya usiku, simu ileile ya saa nane kukiwa na miamala imekwama. Ila sikukukuu ya mwisho wa mwaka ikifika, wao wana bonasi, sisi wa rangi nyingine tuna kofia na kalenda.

Nilichojifunza pale ni jinsi benki zinavyopata watu wa IT wenye uzoefu. Haina siri kubwa. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kuchukuliana. Kaka yetu mmoja mkubwa, fundi hasa wa kanzidata, aliitwa na benki nyingine. Hakujaza fomu yoyote. Alipigiwa simu na mtu aliyewahi kuwa bosi wake. Akaongezewa mshahara, akapewa cheo chenye neno "meneja", na kubwa kuliko yote, benki mpya ikaununua mkopo wake wa nyumba.

Hapo kwenye mkopo msome polepole, maana ndipo mtego ulipo. Mfanyakazi wa kudumu wa benki hukopeshwa kwa riba nafuu, chini kabisa ya ile anayotozwa mama ntilie wako. Anajenga, ananunua gari, anafurahi. Siku akiacha kazi, mkopo uleule unageuka kuwa wa riba ya soko. Marejesho yanapanda ghafla. Kwa hiyo mtu mzima na elimu yake anashindwa kuondoka, hata kama kazi inamchosha na bosi anamdharau. Njia pekee ya kutoka ni benki nyingine ije iubebe mkopo ule. Ndiyo maana wataalamu wetu wanazunguka humohumo, kutoka ghorofa hili kwenda lile, kama maji ya aquarium. Kila mmoja akihama, hakuna mtaalamu mpya aliyezaliwa nchini. Kimeongezeka kitu kimoja tu, nacho ni gharama.

Njia ya pili ni kuwanyofoa kampuni za simu na Serikali. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, mabenki mengi yaliiona kama kamchezo ka vocha. Kampuni za simu ndizo zilizochukua vijana, zikawafundisha kuhudumia mamilioni ya miamala bila kulala. Mabenki yaliposhtuka kwamba bibi wa Nachingwea anatunza hela kwenye simu na sio kwao, ndipo yalipoanza kwenda kuwachukua vijana walewale wakiwa wameshapikwa. Chakula umpikie mwingine, kula ule wewe.

Njia ya tatu ni mgeni anayekuja na mfumo. Mabenki yetu hayajengi mfumo mkuu, yanaununua. Majina makubwa sokoni ni Temenos ya Uswisi, Finacle ya Infosys ya India, Flexcube ya Oracle ya Marekani. Sina ugomvi na kununua. Duniani kote mabenki yananunua. Ugomvi wangu ni kinachofuata. Wataalamu wanakuja na mfumo, wanakaa hotelini, wanalipwa kwa dola, na kijana wetu anakalishwa pembeni "ajifunze". Anajifunza kubonyeza. Namna mfumo unavyofikiri hafundishwi. Wageni wakiondoka, tatizo la kwanza kubwa likitokea, simu inapigwa ng'ambo na bili inaanza kusoma.

Na hapa kuna sheria, ndugu zangu. Sheria ya Kudhibiti Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mgeni awe na mpango wa urithishaji, yaani mpango unaoonyesha jinsi Mtanzania atakavyoachiwa ujuzi ule. Mwaka 2015 hadi leo ni zaidi ya miaka kumi. Swali dogo: kama mipango ile ingekuwa inatekelezwa kweli, si tungekuwa na kundi zima la Watanzania wenye uzoefu wa miaka saba, nane, tisa? Wako wapi? Ama mipango haipo, ama ipo kwenye mafaili inakula vumbi. Vyovyote iwavyo, anayelia kwamba hakuna wenye uzoefu ndiye aliyepewa jukumu la kuwatengeneza.

Wenzetu walipitia hapa

Kuna chawa atasema: huyu ni mpinzani tu, hajui biashara. Haya, twende kwenye biashara.

Benki ya DBS ya Singapore, kipindi Piyush Gupta anaanza kuiongoza mwaka 2009, sehemu kubwa sana ya kazi zake za teknolojia ilikuwa imekabidhiwa kwa makampuni ya nje. Wakageuza meza. Wakaamua kazi ya teknolojia ni kazi ya benki yenyewe, wakaajiri wahandisi wao, wakafungua kituo Hyderabad, India. Na namna ya kuajiri wakaibadilisha. Badala ya kuhesabu miaka kwenye CV, waliita watu kwenye mashindano ya kuandika programu: kaa hapa, tatizo hili, tuonyeshe unavyolitatua. Ukiweza, ofa. Hakuna aliyeulizwa mjomba wake nani.

Sisemi DBS ni malaika. Mwaka 2023 huduma zao zilikatika mara kadhaa, wateja wakakasirika. Lakini angalia kilichofuata. Benki kuu yao iliizuia kwa miezi sita kuanzisha biashara mpya na kufanya mabadiliko ya mifumo yasiyo ya lazima, mpaka irekebishe nyumba yake. Kule mtandao wa benki ukilala, mtu anawajibishwa. Huku kwetu unapata ujumbe mfupi: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu." Basi, imeisha hiyo.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha wateja wake kwenda kwenye mfumo mpya uliojengwa na kampuni tanzu ya mmiliki wake, Sabadell ya Hispania. Mfumo haukuwa tayari. Watu takribani milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Wengine waliona akaunti za watu wengine. Mkurugenzi mkuu akaondoka mwaka huohuo. Desemba 2022 wasimamizi wakaipiga benki faini ya zaidi ya pauni milioni 48, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa teknolojia akatozwa faini yake binafsi, zaidi ya pauni elfu 80 kutoka mfukoni mwake. Kosa mojawapo lilikuwa kutohakikisha kwamba kampuni iliyojenga mfumo ilikuwa kweli tayari kuubeba.

Kwa nini nawasimulia ya Uingereza? Kwa sababu ndicho kinachotusubiri. Ukiwa huna watu wako wanaouelewa mfumo wako, siku unaanguka utasimama unautazama kama abiria anavyotazama injini ya basi lililozima porini. Na pesa iliyomo humo ni ada ya mtoto, ni hela ya mama anayesubiri upasuaji, ni mshahara wa mwalimu wa Kasulu.

Walisema hivyohivyo 1967

Kilio cha "hamna wataalamu" sio kipya. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa. Wageni wengi waliokuwa wanayaendesha wakaondoka. Wapo waliotabiri kwamba Waafrika hawataweza hata kufunga hesabu za siku. Benki Kuu yenyewe ilikuwa na umri wa miezi tu, ikiwa chini ya Gavana wa kwanza Edwin Mtei, mzee yuleyule aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa CHADEMA. NBC akakabidhiwa Amon Nsekela. Makarani wa Kitanzania waliokuwa wanashika daftari wakapandishwa, wakafundishwa wakiwa kazini, na milango ya benki ikaendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Mimi sio shabiki wa kila kitu cha zama zile. NBC ile baadaye ililemewa na mikopo mibovu na siasa, ikavunjwa mwaka 1997. Mwaka 2000 hisa nyingi zikaenda ABSA ya Afrika Kusini, na mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi likachukua asilimia 49 ya NMB. Lakini somo la 1967 limebaki: uzoefu unatengenezwa na anayeamua kumwamini mtu kabla hajawa nao.

Na kuna somo la 1974 ambalo wengi wenu hamkusimuliwa shuleni. Serikali ilikuwa imejaribu kuingiza hesabu za Hazina kwenye kompyuta, kazi wakapewa wataalamu wa nje, ikavurugika vibaya. Dawa waliyoiona ni ipi? Wakapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Yaani umeshindwa kufundisha dereva, unapiga marufuku magari! Tulilipa kosa lile kwa miaka mingi.

Sasa sogea hadi enzi zetu. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ule wa "control number", umejengwa na Watanzania ndani ya Serikali, na tangu mwaka 2017 umekuwa ukibeba malipo ya umma. Kila aliyelipia leseni, maji au ada ya chuo ameupitia. Na TIPS ya Benki Kuu, unaounganisha mabenki na mitandao ya simu ili hela iende papo hapo, umejengwa juu ya programu huria inayoitwa Mojaloop ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma msimbo wake. Kazi kama hizo zinafanyika hapahapa. Kwa hiyo msituambie Mtanzania hawezi. Anaweza sana, akipewa nafasi, muda na heshima.

Soko halina mipaka tena

Zamani benki ilikuwa na jeuri. Mhandisi akikataa mshahara wao, ataenda wapi? Leo anaenda popote. Microsoft walifungua kituo chao cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na makampuni ya Kenya yakaanza kulia kwamba watu wao wazuri wanaondoka. Nigeria mwaka 2022 wakuu wa mabenki walilalamika hadharani kwamba watu wa IT wanaondoka kwa makundi kwenda Kanada na Uingereza. Kijana wa Sinza mwenye laptop na umeme wa uhakika anaweza kuwa anaandika programu ya kampuni ya Berlin huku anakula chipsi mayai.

Benki inashindana na hayo kwa kitu gani? Suti na tai Jumatatu hadi Alhamisi. Marufuku kufanya kazi nyumbani. Ombi la kununua kifaa cha laki tatu linapita kwa saini sita. Mkuu wa kitengo cha teknolojia hakai kwenye meza ya maamuzi. Anaitwa mwishoni aambiwe tarehe ya uzinduzi. Halafu wanashangaa mtu kaacha kazi.

Chukua mfano wa mhandisi wa mshahara wa shilingi 1,500,000. Toa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi, 150,000. Toa kodi ya mapato kwa viwango vya miaka hii, kama 233,000. Toa asilimia 15 ya bodi ya mikopo, 225,000. Anabaki na kama 892,000, kabla ya kodi ya chumba, daladala na wadogo zake wanne. Sisemi mkopo wa elimu usilipwe. Ulipwe, ili wengine wasome. Nasema mtu huyu anashika mlango wa chumba chenye mabilioni, na mkataba wake unaisha Desemba. Mkimkosa, msilaumu uzalendo wake.

Na msiseme hela hakuna. Mwaka 2024 NMB ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 600 baada ya kodi, CRDB zaidi ya bilioni 500. Hongera zao, kweli kabisa, benki ikifanya vizuri ni jambo jema. Ila faida ya namna hiyo na mhandisi wa kofia na kalenda havikai chumba kimoja.

Serikali iko wapi?

Hapa ndipo penye siasa, na ndipo watu wanapopenda tunyamaze. "Benki ni makampuni binafsi, Serikali inaingiaje?" Inaingia kwa milango minne.

Mlango wa kwanza, ni mwenye nyumba. Serikali ina takribani asilimia 32 ya NMB na asilimia 30 ya NBC. Ndiyo mmiliki mkubwa wa TCB. Mfuko wa PSSSF, wenye michango ya walimu na manesi, ni miongoni mwa wanahisa wakubwa wa CRDB. Watu hawa wana viti kwenye bodi. Kila mwaka tunasikia habari za gawio, picha ya hundi kubwa kama mlango, makofi, "mama anaupiga mwingi". Lini mmesikia mjumbe wa Serikali akiuliza kwenye bodi: mwaka huu mmefundisha vijana wangapi mfumo mkuu?

Mlango wa pili, inakusanya hela ya mafunzo. Kila mwajiri wa watu kumi au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi. Kwa yule mhandisi wetu wa milioni moja na nusu, ni shilingi 52,500 kila mwezi. Zidisha kwa wafanyakazi wote wa mabenki yote. Jina la tozo ni kuendeleza ujuzi. Tunadai mchanganuo: kiasi gani kinarudi kuendeleza ujuzi, na kiasi gani kinamezwa na Hazina?

Mlango wa tatu, ni msimamizi. Benki Kuu inatoa leseni. Inaweza kuihoji benki kuhusu mtaji wake, na ikihojiwa vizuri benki inatetemeka. Inaweza pia kuihoji: mfumo wako ukilala usiku wa leo, ni Mtanzania gani aliye kwenye ajira yako anayeweza kuuamsha?

Mlango wa nne, na huu unauma, ndiyo inayoharibu mazingira. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe. VPN! Mhandisi wa benki anaitumia kila siku ili kuingia kwenye seva kwa usalama. Kwake ni kama kofia ngumu kwa fundi ujenzi. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Tumezungumza sana kuhusu siku zile kwa upande wa haki na damu, na tutaendelea kuzungumza. Leo naongeza moja tu: mtaalamu wa Kitanzania aliyeko nje, anayefikiria kurudi nyumbani na uzoefu wake wa miaka kumi, aliziona siku zile. Anayefanya kazi na wateja wa nje akiwa hapa alizihesabu saa moja moja. Huwezi kuzima intaneti kwa mkono wa kushoto halafu kwa mkono wa kulia uandike tangazo la kutafuta wataalamu wa kidijitali. Ni 1974 ileile imevaa suti mpya.

Hoja zao, tuzijibu kwa haki

Wanasema wahitimu wetu hawaivi. Kuna ukweli. Kuna kijana ana shahada na hajawahi kugusa seva halisi, kwa sababu maabara ya chuo ina kompyuta ishirini za wanafunzi mia mbili. Hilo ni deni la Serikali kwa vyuo. Lakini hata mhitimu wa udaktari haachiwi chumba cha upasuaji siku ya kwanza. Anakaa mwaka mzima chini ya wakubwa. Mbona kwenye benki hatua hiyo haipo? Mnataka daktari bingwa bila ya kuwa na hospitali ya mafunzo.

Wanasema tukiwafundisha wataondoka. Wapo watakaoondoka, ndiyo. Lakini benki zote zikifundisha, anayeondoka kwako atapishana mlangoni na anayetoka kwa mwenzako. Leo hakuna anayetaka kupanda mti, wote wanagombania kivuli.

Wanasema mfumo wa benki ni nyeti, huwezi kumpa anayeanza. Kweli. Ndiyo maana kuna mifumo ya majaribio isiyo na hela ya mtu. Ndiyo maana kuna kukaa na fundi mzee. Unyeti ni sababu ya kufundisha vizuri, usigeuzwe kisingizio cha kutofundisha.

Tunachodai

Moja. Benki ambayo Serikali ina hisa ichapishe kila mwaka, kwenye taarifa yake, idadi ya vijana iliowachukua kwenye teknolojia bila uzoefu, na wangapi wamebaki baada ya miaka mitatu.

Mbili. Mipango ya urithishaji ya sheria ya 2015 ikaguliwe. Mkataba wa kununua mfumo usisainiwe bila kutajwa ni Watanzania wangapi watauelewa ndani kwa ndani, na malipo ya mwisho ya muuzaji yasubiri hilo lithibitishwe.

Tatu. Sehemu ya SDL inayotoka kwenye mabenki irudi kwenye mafunzo ya kazini ya mwaka mzima, yenye posho ya kuishi, pamoja na vyuo kama DIT, UDOM, MUST na CoICT ya pale Kijitonyama.

Nne. Kazi ya kudumu ipewe mkataba wa kudumu. Anayelinda akaunti za watu usiku asiwe mtu wa wakala mwenye kitambulisho cha rangi nyingine.

Tano. Usaili uwe wa kazi. Mpe mtu tatizo, mwone anavyolitatua. Na mkiita vijana kwenye mashindano ya ubunifu, waandikieni wazi wazo ni la nani. Tumechoka kupeleka wazo Machi na kulikuta kwenye bango la barabarani Oktoba.

Na sita, inatuhusu sisi wenyewe. Makamanda, tuseme ukweli nyumbani. Hata ndani ya chama tumewatumia vijana wa IT bure. Tengeneza tovuti, linda kurasa zetu zisidukuliwe, jenga mfumo wa kadi za wanachama, "kwa moyo wa mapambano". Usiku akimaliza hana hata nauli. Tukiingia madarakani na tabia hiyo tutakuwa benki ileile yenye bendera tofauti. Tuanze kulipa, hata kidogo, na kwa maandishi.

Nimerudi kwa dogo wa kata yetu. Nimemjibu hivi: mdogo wangu, anza na kile ambacho hakuna HR anayeweza kukufungia. Msimbo wa Mojaloop uko wazi mtandaoni; usome, uuvunje, uujenge upya. Andika kila ulichofanya mahali mtu anaweza kukiona. Omba ile kazi hata kama hujafika miaka saba, na ukiitwa, uliza mkataba ni wa nani, benki au wakala. Ukipewa ofa yenye mkopo nafuu, uliza kwanza riba inakuwa ngapi siku ukiondoka.

Na Jumamosi uje kwenye kikao cha tawi. Miaka saba ya uzoefu utaitafuta mwenyewe, lakini mlango uliofungwa hautaufungua peke yako.

Mapambano yanaendelea.